Kigoda Kikikaliwa

Nani anayekukaba: aliyesema kaba, au mwenye vidole?

Usijibu haraka. Mosi alijibu haraka. Alisema ni yule aliyesema, basi, akalala usingizi wa pono miaka nenda miaka rudi, huku vidole vyake vikinuka.

Tena vilinuka, jamani, tusifichane. Vilinuka chumvi iliyochacha, vilinuka kama dishi la samaki lililosahauliwa juani, na kila alipovinusa roho ilimpanda mpaka kooni ikashuka tena. Alivifuta kwenye mapaja. Mapaja nayo yakanuka. Kuna uchafu mwingine haufutiki, unahama tu.

Mosi alikuwa bawabu. Mlango wake ulipachikwa ukutani, kwenye kichochoro cha kitongoji cha Juu, katika mji ambao wakazi wake waliuita Mama. Na mji wenyewe ulikuwa mama kweli: mwanamke mzima, mwenye khanga na kikohozi na kucheka kwa kishindo. Njia zake zote zilikuwa mifereji ya maji mekundu, vuguvugu, na kuta zake zilikuwa nyama. Wakazi hawakuwahi kumwona uso. Utauonaje uso wa nyumba uliyomo? Walimsikia tu. Alipocheka, taa zilicheza. Alipokasirika, mifereji ilivuma. Alipolala, mji mzima ulishusha pumzi, isipokuwa mabawabu.

Nje ya mlango wa Mosi palikuwa na kigoda. Mila ilikuwa moja, fupi, mtoto angeishika: kigoda kikikaliwa, mkanda unavutwa. Mkanda ulizunguka mfereji. Ukiuvuta, mfereji unabanwa, na maji yanapita kwa hasira. Bawabu haulizi. Na bawabu haangalii maji. Wote walizaliwa wameipa mifereji mgongo, wakafa wameipa mgongo, na kati ya kuzaliwa na kufa walisikia tu mchirizi nyuma yao, kama mtu anayekojoa bila kukoma.

Aliyekikalia kigoda alikuwa Tarishi.

Loh, Tarishi! Kiumbe kidogo, kimelowa, hakina nguo wala haya. Walikuwa maelfu, wamefanana kama punje za mtama, lakini mabawabu waliwaita wote Tarishi, maana ukimjua mmoja umewamaliza. Anakuja na maji, anajibandika kwenye kigoda, na makalio yake yanaingia kwenye mbao bonde kwa bonde, kilima kwa kilima, kana kwamba kigoda kilichongwa yeye akiwa amekikalia. Ndipo anasema neno lake. Hana lingine.

"Bana."

Mosi anavuta.

"Bana."

Mosi anavuta. Na Tarishi akiondoka anaacha kitu kwenye kigoda: ute. Mwembamba, wa chumvi, wa moto. Mosi aliufuta kwa kiganja. Siku nzima ndiyo hiyo, kuvuta na kufuta. Ukiniuliza maisha ya mtumishi mtiifu yanafananaje, nitakwambia yanafanana na kiganja hicho.

Mlango wa jirani alikaa Pili, dada yake. Mlango kama huo huo, kigoda kama hicho hicho, Tarishi yule yule. Lakini kwa Pili, Tarishi akisema bana, mkanda ulilegea. Mfereji ulipanuka, maji yakapita polepole kama watu wanaotoka msikitini.

"Dada, wewe huyu mtu humsikii?" Mosi alimuuliza siku moja. Ilikuwa jana, au ilikuwa kabla Mama hajaota meno. Huko ndani siku hazikupangwa foleni.

"Namsikia vizuri tu, kaka."

"Anakwambia bana."

"Ananiambia bana."

"Sasa mbona unalegeza?"

Pili akacheka. "Kamba yangu imefungwa upande mwingine. Nikiivuta, inaachia. Usinione mtakatifu, kaka, nami navuta kama wewe. Haya, nenda kanawe mikono, uvundo umefika huku."

Neno moja, vigoda viwili. Kwenye kimoja ni kitanzi, kwenye kingine ni kushusha pumzi. Mosi hilo lilimkera kuliko uvundo. Maana kama neno lingekuwa baya, lingekuwa baya kote. Kumbe neno ni hewa tu, ni mate yenye sauti. Uovu unaingia likishapata pa kukaa. Alijaribu kutolifikiria. Lilimkwama kama mwiba wa changu.

Na akina Pili walikuwa wachache. Zamani, Mama akiwa kijusi tumboni mwa mama yake, walijaa kila kona, mji wote ulikuwa unalegezwa na kutandazwa ili ukue. Kisha mji ukakua, milango yao ikazibwa mmoja mmoja. Wakabaki akina Mosi. Sijui kwa nini miji ikishakua inapenda watu wa kubana.

*

Halafu wakaja Wageni.

Kabla ya Wageni ilisikika sauti kutoka nje, kupitia kuta, kama unavyosikia redio ya jirani. Ilikuwa sauti ya muuguzi, ya kike, yenye haraka.

"Mama, presha yako imepanda sana. Kuna kitu mwilini kinaitwa anjiotensini..."

"Anjio nani?" Mama akauliza.

"Anjiotensini."

"Ee! Jina kama la mchungaji."

Muuguzi akacheka. "Basi huyo mchungaji anapita kwenye mishipa anahubiri kubana. Ana vipokezi vyake ukutani, anatua hapo, mshipa unajikunja. Kidonge hiki hakimuui. Kinakaa tu pale anapotaka kutua. Akifika anakuta pamejaa. Ila kinakaa siku moja tu, mama yangu, kinayeyuka. Kesho unameza kingine. Hata ukijisikia mzima. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Asubuhi yake akaja Mgeni. Mkavu! Mosi hakuwahi kuona kitu kikavu maishani mwake. Alinuka chokaa, alinuka ubao wa shule. Akakaa kwenye kigoda bila kusalimu, akatazama mbele. Mosi akasubiri neno, mikono kwenye mkanda. Neno halikuja. Mgeni alikaa tu, bwana, kama mtu aliyefika mapema harusini.

Tarishi akatokea. "We. Inuka hapo."

Kimya.

"Bubu, nasema na wewe! Hicho kigoda changu, makalio yangu yote yako hapo!"

Kimya.

"Bawabu, mwambie!"

"Nimwambie nini?" Mosi akasema, na kwa mara ya kwanza alitaka kucheka. "Mila inasema kigoda kikikaliwa. Haisemi kikikaliwa na nani."

Tarishi akazurura kichochoroni, akakutana na matarishi wenzake waliokosa pa kukaa, wakajaa kama nzi kwenye ganda la embe, wakaishia kwa Pili. Pili akalegeza, akalegeza, mpaka akaimba. Mkanda wa Mosi ukapata vumbi. Ukuta nyuma yake ukaacha kutetemeka. Na kutoka mwisho wa kichochoro sauti ya Kidawa ikaja, nyepesi: "Mosi! Leo majina hayagongani!"

Kidawa alikuwa mtunza majina. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ukuta wa kichochoro hicho hicho, ukuta mwembamba kama ngozi ya kitunguu, na humo aliyaning'iniza majina yote ambayo Mama alikuwa akiyajua: ya watoto, ya majirani, ya waliokufa, ya mbuzi aliowahi kufuga. Mama akitaka jina, Kidawa analichomoa kwenye kamba analitupa ulimini. Kazi nzuri. Mosi alimpenda kwa sababu hakunuka.

*

Sasa sikia upumbavu.

Siku nyingi zilipita za Wageni wakavu. Halafu nje ikasikika mashine ya presha: ikavimba, ikapumua, ikalia. Na sauti ya kijana ikasema kwa furaha, "Mama! Umeona? Namba safi kabisa! Umepona!"

Mosi, kule ndani, akahisi midomo yake inacheza.

"Achana na hivyo vidonge sasa," ile sauti ikaendelea. "Dawa ni ya mgonjwa. Wewe mgonjwa?"

"Mimi? Mimi mzima kama kengele."

"Basi. Unabugia chokaa ya nini?"

Ilikuwa sauti yake. Si ya kufanana naye: yake. Koo lake ndilo lililokwaruza. Mama alikuwa na mtoto wa kwanza huko nje, na huyo mtoto aliitwa Mosi, kama wa pili alivyoitwa Pili, na Mosi wa ndani akajua, kwa namna unavyojua ndotoni kwamba mtu aliyevaa sura ya mwingine ni wewe, kwamba huyo ni yeye. Ndani anavuta mkanda, nje anavuta ushauri. Amemfukuza mlinzi kwa sababu wezi hawaji.

Alitapika. Hakuwa na tumbo lakini alitapika.

Kesho yake Mgeni hakuja. Kigoda kilikuwa kitupu, kikavu, kimepauka, kwa muda mfupi sana. Kisha maji yakamleta Tarishi, safari hii amenenepa.

"Umenikumbuka?" akasema, akajibandika. Bonde kwa bonde. "Bana."

Mosi akavuta. Mikono ilifanya yenyewe, hiyo mikono mbwa.

"Bana. Bana. Bana."

"Mosi!" Kidawa alipiga kelele. "Ukuta unatuna! Kamba za majina zinagongana huku, Mosi, punguza!"

"Siwezi! Kimekaliwa!"

"Ukuta ukipasuka maji yanaingia humu! Mama atabaki bubu, unanisikia? Ataamka hana hata neno la kuombea maji ya kunywa!"

Mosi akamsemesha Tarishi, yaani akafanya dhambi ya kwanza. Akauliza. "Nani amekutuma?"

Tarishi alishangaa. Hakuwahi kuulizwa. "Mimi? Mimi nilizaliwa kwenye ini, nikiwa mrefu, mpole, sina neno lolote. Nikapita chini kwa Bi Mize pale kwenye figo, akanikata kwa mkasi wake. Nikapita kwenye nyumba ya upepo, mapafuni, nikakatwa tena. Kila nikikatwa nabaki na hasira zaidi na maneno machache zaidi. Lililobaki ni hili. Bana."

"Lakini kwa nini Bi Mize anakukata?"

"Anasema kuna ukame."

"Ukame! Maji yanatufika shingoni!"

"Mimi tarishi, bwana. Kamuulize mwenyewe. Bana."

Mosi, mgongo bado kwenye mfereji, akapiga yowe kuelekea chini. "Bi Mize! Bi Mizeee!"

Sauti ikarudi kutoka mbali, ya mwanamke aliyekatizwa kazi. "Nani anayenipigia kelele kwenye maji?"

"Mosi, bawabu wa Juu! Shikamoo!"

"Marahaba. Sema upesi, mkasi uko mkononi."

"Acha kukata! Mji unazama!"

"Unazama wapi? Kwangu hapa tone, tone. Kiu inaniua. Leteni maji, baneni, hifadhini chumvi, mpeni Mama kiu anywe."

"Bomba lako limeziba, Bi Mize! Limejaa mafuta na uchafu! Maji yapo, hayafiki kwako tu!"

"Mambo ya kwenu siyajui. Mimi naangalia bomba langu."

"Nani alikwambia bomba lako ndio mji?"

Kisha Bi Mize akacheka, kicheko kikavu cha mtu mwenye kiu. "Na wewe, bawabu, nani alikwambia kigoda chako ndio amri? Mimi walau naangalia kitu. Wewe umewahi kugeuka?"

*

Kugeuka.

Hakuna aliyewahi kugeuka. Shingo za mabawabu hazikufinyangwa kwa hilo. Alipogeuza ya kwake ilitoa mlio kama mlango wa zizi, na akaona, jamani, akaona.

Upande wake, ukuta ulikuwa mnene, mgumu, umeota magaga. Makovu juu ya makovu. Ute. Ule ute aliokuwa akiufuta kila siku, kumbe hakuufuta, aliupaka nyuma, kiganja kwa kiganja, ukaganda, ukawa kama ugali wa juzi kwenye sufuria, na mfereji uliokuwa mpana wa kupitisha ng'ombe ukabaki tundu la kupitisha mbuzi mgonjwa. Hata Tarishi asingekuja tena, ukuta huo ungebana wenyewe. Ameujenga. Kwa mikono yake, bila hata kukusudia, bila hata kupata raha ya mtu mwovu. Ndicho kilichomtia kinyaa kuliko vyote: kwamba hakufurahia. Mwovu anayefurahia ana chake alichopata. Yeye alipata nini? Kiganja kinachonuka.

Na ng'ambo, upande wa Kidawa, ukuta mwembamba umetuna kama mfuko wa plastiki uliojazwa pumzi, unang'aa, na nyuma yake kivuli cha Kidawa kimekumbatia kamba zake.

Mimi sikujua, Mosi akajiambia. Ulijua. Mikono ilijua. Nilitumwa. Na nani? Na mtumwa. Aliyetumwa na nani? Na mwenye kiu. Basi kosa la kiu. Kiu haina mikono. Nilikuwa nafuta. Ulikuwa unapaka. Nilikuwa nafuta! Ulikuwa unapaka.

"Mosi," Kidawa akasema, sasa kwa sauti ya chini, maana alimwona uso kwa mara ya kwanza. "Kumbe una macho."

"Mwambie Mama ameze kidonge."

"Nimwambieje? Kwani anaumwa? Hakuna kitu kinachomuuma, hilo ndilo balaa. Jana kacheza ngoma. Huu ugonjwa haupigi hodi, Mosi. Unavunja."

"Lazima ashtuke kabla ukuta haujapasuka."

Kidawa akazishika kamba zake. "Kuna njia. Nikidondosha jina moja mbele za watu, litafutwe lisionekane, atashtuka. Nyumba nzima itashtuka. Lakini mimi silitupi jina hivi hivi, mikono yangu haikubali. Mpaka nizimie kidogo. Mpaka maji yakatike hapa kwangu, kidogo tu."

Mosi alielewa. Alitamani asielewe. "Unataka nikubane."

"Wewe ndiye bawabu wa kichochoro changu."

"Nikizidisha?"

"Nafa, na Mama bubu. Ukipunguza, jina halidondoki, Mama hashtuki, na kesho ukuta unapasuka, yale yale. Usizidishe."

"Litadondoka jina gani?"

"Lililo karibu na ukuta." Kivuli chake kilipapasa kamba. "Nasikitika, Mosi. Watoto ndio majina ya mbele. Ni la kwanza."

Hakuuliza la kwanza ni lipi.

Pili alikuwa anasikia yote kutoka mlangoni kwake. "Kaka," akasema, na safari hii hakutania. "Matarishi wakija kwangu nitaachia mpaka kamba ikatike. Vuta."

Tarishi akaja. Akajibandika. Ute, joto, bonde kwa bonde. Mosi akamwangalia kile kisogo kilicholowa akaona kwamba hata chuki hakistahili. Ni kipande cha kitu kirefu kilichokuwa kipole.

"Bana," Tarishi akasema.

Na Mosi akavuta. Neno lile lile, mkanda ule ule, ila safari hii amegeuka, macho kwenye maji. Akavuta akiona. Akaona mchirizi unakonda, akaona kivuli cha Kidawa kinayumba, mkono wake unalegea, kamba inaning'inia. Vuta. Kidogo. Mungu wangu, kidogo tena. Kitu kikaanguka, tup, kama embe bichi kwenye mchanga.

"Bana," Tarishi akasema.

"Hapana," Mosi akasema, na akaiachia mikono yake, akaing'ata vidole kimoja kimoja mpaka ikafunguka, akameza ladha yake mwenyewe, ladha ya ule ute, chungu, ya chumvi, ya miaka. Hakuna bawabu aliyewahi kujua mikono yake ina ladha gani. Maji yakarudi. Kivuli kikasimama.

*

Nje, Mama alikuwa ukumbini anagawa wali, na mdomo wake ulianguka upande mmoja kama khanga inayofunguka.

"Pili, mwanangu, chukua sahani. Na wewe... na wewe..."

"Mama?"

"Huyu. Huyu wa kwanza. Huyu..."

"Mama, mbona mdomo uko hivyo? Mama!"

Sahani ilipasuka. Kelele, viatu, gari la kuazima, hospitali, muuguzi yule yule mwenye haraka akisema bahati yenu, bahati yenu sana, imepita, ni onyo tu, vidonge viko wapi? Na sauti ya kijana, sauti yenye mkwaruzo, ikisema: nimevitupa. Ndani, Mosi alisikia koo lake likisema hivyo na hakuwa na vidole vizima vya kuliziba.

Akaja Mgeni. Mkavu, chokaa, kimya. Akakaa. Mosi angembusu.

Mdomo wa Mama ulirudi mahali pake. Majina yalirudi yote, ya majirani, ya mbuzi. Moja halikurudi. Kidawa alilitafuta chini kwa mikono na magoti, lilikuwa limebebwa na maji. Magaga ya ukuta nayo hayakutoka. Mgeni huzuia kubana, hakwangui ulichokwisha kupaka. Mosi aliyaona kila siku, kwa sababu shingo ikishageuka hairudi.

Siku nyingi zikapita tena, mpaka nje mashine ikavimba, ikapumua, ikalia.

"Mama!" Ile sauti, ile furaha, yule mpumbavu asiyekoma. "Namba safi kabisa! Si unaona? Ume..."

Ndani, Pili akashika kamba. Matarishi wakaacha kusukumana. Mosi akafumba macho yake mapya.

"Nyamaza wewe..." Mama akasema, na ndani Kidawa akapapasa kamba, akakuta pengo. "Nyamaza wewe... hebu nikumbushe, wewe unaitwa nani vile?"



Kisha Mama akasikika akinywa maji, funda moja, na kidonge kikashuka.